Mkanda, Saa au Vidole Viwili: Kipi Kikupimie Moyo Barabarani

Anayeendesha baiskeli mara tatu au nne kwa wiki hufika mahali akataka kujua kama mwili wake unasonga mbele au umesimama palepale. Kasi peke yake haimpi jibu. Ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo mwezi wa Julai, upepo wa kusi unakusukuma mgongoni na unajiona umekuwa bingwa. Ukigeuza kurudi unaupokea usoni, na kilomita zilezile zinakula muda mrefu zaidi na pumzi nyingi zaidi. Miguu ni ileile, moyo ni uleule, ila saa ya ukutani inasema mambo mawili tofauti. Ndiyo maana watu huanza kuulizia vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Na ndipo pesa zinapoanza kwenda ovyo, kwa sababu sokoni kuna kifaa cha dola 25 na kifaa cha dola 1,000, na wauzaji wa vyote viwili wanaahidi kitu kimoja.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayeendesha kwa afya, kwa kwenda kazini, au kwa safari ndefu za Jumapili na wenzake, matumizi ya maana yanaishia kwenye mkanda wa kifua unaounganishwa na simu aliyonayo tayari. Kinachozidi hapo kiwe na sababu. Bei nitazitaja kwa dola kwa kuwa vitu hivi vingi huagizwa nje, na nitazigeuza kwa shilingi 2,500 kwa dola moja ili hesabu iwe nyepesi. Angalia kiwango cha siku unayonunua. Juu yake weka usafiri, ushuru wa forodha na VAT, ambayo Tanzania Bara ni asilimia 18. Kifaa cha dola 90 hakifiki mkononi mwako kwa dola 90.

Tuanze na kipimo cha bure, ambacho wengi wanakiruka wakati ndicho chenye habari nyingi kuliko vyote. Ukiamka asubuhi, kabla hujainuka wala hujashika simu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndani ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe, maana kina mshipa wake unaopiga na utahesabu usichokusudia. Hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili, andika kwenye daftari. Mtu mzima wa kawaida huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika akiwa ametulia. Waendesha baiskeli wa mashindano wengi hushuka hadi 40 na kitu. Sababu yake ni kwamba mazoezi ya muda mrefu huongeza ujazo wa damu na kuufanya moyo utoe damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kazi iliyohitaji mapigo 75 sasa inafanywa na 60.

Usijilinganishe na jirani. Jilinganishe na daftari lako. Aliyeanza na 76 akafika 66 baada ya miezi kadhaa ya kuendesha kwa mpangilio amepata ushahidi wa maendeleo ambao hakuna kifaa cha dola 600 kitakachompa ulio bora zaidi. Daftari hilohilo litakuonya pia. Asubuhi mbili tatu mfululizo zikisoma mapigo saba au kumi juu ya kawaida yako, mwili una jambo: usingizi haukutosha, safari ya juzi ilikuwa nzito mno, au homa inanyemelea. Homa hupandisha mapigo kwa takribani 10 kwa kila nyuzi moja ya joto la mwili, na kwetu sisi tunaoishi na malaria, hiyo ni sababu ya kwenda kupima damu badala ya kwenda Bagamoyo.

Kipimo cha pili cha bure ni jinsi moyo unavyoshuka. Panda mlima kwa bidii, ukifika juu hesabu mapigo, endelea kukanyaga pole pole kwa dakika moja, hesabu tena. Mwaka 1999 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya watu wazima zaidi ya 2,400 waliopimwa kwenye mashine ya kukimbilia: wale ambao mapigo yao hayakushuka kwa zaidi ya 12 katika dakika ya kwanza ya kupoa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika miaka iliyofuata. Hao walikuwa watu waliotumwa hospitali kupimwa, si waendesha baiskeli wa mtaani, kwa hiyo usiichukue namba 12 kama hukumu. Ichukue kama sababu ya kufuatilia. Mtu mwenye pumzi nzuri hushuka mapigo 20, 30 au zaidi katika dakika hiyo, na kadiri miezi inavyokwenda pengo hilo hupanuka.

Cha tatu ni kuongea. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatishwa na pumzi, uko kwenye mwendo wa kujenga msingi. Ukiishia maneno matatu manne kisha unahema, umeingia kwenye kazi nzito. Ukishindwa kujibu kabisa, uko karibu na ukomo wako. Wauza mkaa wanaoteremka kutoka Kisarawe kupitia Pugu na magunia nyuma ya baiskeli wanajua mipaka hii kwa mwili wote, na sijui mwendesha baiskeli wa Jumapili anayewazidi kwa kugawa nguvu zake.

Sasa hesabu za ukomo wa moyo, yaani mapigo ya juu kabisa unayoweza kufikia, ambazo kila kifaa utakachonunua kitakulazimisha kukutana nazo. Kanuni ya 220 ukitoa umri ilitokana na maandishi ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971, waliochora mstari kwa kuangalia takwimu zilizokuwapo, bila utafiti mahususi wa kuipata kanuni yenyewe. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza 208 ukitoa umri uliozidishwa kwa 0.7. Ukiwa na miaka 40, zote mbili zinakupa 180. Ukiwa na miaka 60, ya kwanza inasema 160 na ya pili 166. Lakini tofauti kati ya kanuni hizo ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu na mtu: ni kawaida kabisa ukomo wako halisi kuwa mapigo 10 au 12 juu au chini ya kile kanuni inachosema. Isitoshe, watu wengi hufikia ukomo wa chini kidogo kwenye baiskeli kuliko wanapokimbia, kwa sababu kiti kinabeba uzito wa mwili na misuli inayofanya kazi ni michache.

Hili linagusa mfuko wako moja kwa moja. Saa na programu za simu hugawa mapigo katika ngazi tano, na rangi zake zinapendeza, ila ngazi hizo husimama juu ya namba ya ukomo, na kiwandani namba hiyo huwa imewekwa kwa umri wako tu. Zaidi ya hapo kuna njia mbili za kugawa. Njia moja huchukua asilimia ya ukomo. Nyingine, inayotokana na kazi ya Karvonen wa Finland ya mwaka 1957, hutoa kwanza mapigo ya mapumziko, hupiga asilimia kwenye kinachobaki, kisha huyarudisha mapigo ya mapumziko. Chukua mtu wa miaka 40, ukomo 180, mapumziko 65. Asilimia 60 hadi 70 kwa njia ya kwanza ni 108 hadi 126. Kwa njia ya Karvonen ni 134 hadi 146. Mtu mmoja, asilimia zilezile, na mwendo uliotofautiana kiasi kwamba kwa wa kwanza anaongea kwa raha na kwa wa pili anahema. Kabla ya kulalamika kwamba kifaa kibovu, fungua mipangilio yake uone kinatumia njia ipi, kisha uweke ukomo ulioupata mwenyewe barabarani. Kifaa cha bei ndogo chenye namba sahihi ndani yake kinakushauri vizuri kuliko saa ya bei kubwa iliyoachwa na mipangilio ya kiwandani.

Tuje kwenye vifaa. Mkanda wa kifua husoma umeme wa moyo wenyewe kupitia vipande viwili vinavyogusa ngozi, kwa namna inayofanana na kipimo cha ECG cha hospitali. Polar ya Finland ilitoa kifaa cha kwanza cha aina hii kisicho na waya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa hiyo teknolojia hii imekomaa, na ndiyo maana bei yake imeshuka. Mikanda ya Magene au Coospo, yote ya China, hupatikana kwa dola 25 hadi 40, yaani shilingi 62,500 hadi 100,000. Polar H10 ni dola 90 hadi 105, karibu 225,000 hadi 262,500. Garmin wana mikanda ya dola 70 na wana ya dola 130. Kwa kazi ya kuhesabu mapigo tu ukiwa juu ya baiskeli, sioni sababu ya kwenda kwenye ya dola 130. Nyingi ya nyongeza zake zinawahusu wakimbiaji na waogeleaji.

Tofauti ya kweli kati ya mkanda wa dola 30 na wa dola 90 iko kwenye kitambaa na vipuri. Ule wa bei nafuu hulegea mapema, na kitambaa kikifa mara nyingi unanunua kila kitu upya. Wa Polar, Garmin au Wahoo unaweza kununuliwa kitambaa peke yake. Betri ni bapa za duara za kawaida, CR2032 au CR2025, na kwa matumizi ya wastani hukaa miezi mingi. Hali ya hewa ya pwani ina mambo yake: jasho la chumvi likikaukia kwenye kitambaa huua mguso wake. Suuza mkanda kwa maji baridi kila ukirudi, na uchomoe kitufe cha mbele kwenye kitambaa, maana kikibaki juu ya kitambaa chenye unyevu kinadhani bado kiko kifuani na kinaendelea kula betri. Kabla ya kuvaa lowesha sehemu za mguso kwa maji au mate. Ukiona namba za ajabu katika dakika tano za mwanzo, chanzo mara nyingi ni ukavu wa mguso, na jasho likianza kutoka mambo hukaa sawa.

Saa janja na bangili za mkononi hufanya kazi kwa mwanga. Taa ndogo za kijani huangaza ngozi, damu hufyonza mwanga huo, na kifaa hupima kinachorudi. Kila pigo hubadilisha kiasi kidogo. Ukiwa umekaa, njia hii ni nzuri. Kwenye baiskeli inakutana na taabu zake zote kwa mpigo: kifundo kimekunjwa kwenye usukani, vidole vimekaza breki, barabara ya vumbi inatikisa mkono. Saa hupoteza mapigo, au huchelewa kuona umeanza kupanda mlima. Mwaka 2017 watafiti wa Cleveland Clinic waliwapima watu wazima 50 wakifanya mazoezi huku wamevaa saa mbalimbali, mkanda wa kifua na ECG kwa wakati mmoja. Mkanda ulikaribia kabisa kulingana na ECG, saa zikabaki nyuma kwa viwango tofauti. Saa za leo ni bora kuliko za wakati huo, lakini kifundo kilichokunjwa bado ni kifundo kilichokunjwa.

Na lipo suala la rangi ya ngozi, ambalo wauzaji huku kwetu hawalitaji. Melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Tafiti zimetoa majibu yanayotofautiana kuhusu ukubwa wa athari yake, na watengenezaji wengine huongeza nguvu ya taa kufidia. Ushauri wangu ni kujaribu: vaa saa ya rafiki pamoja na mkanda wa kifua, panda mlima mmoja, linganisha. Namba zikienda pamoja, saa inakufaa. Usinunue saa ya shilingi 500,000 kwa kuamini picha ya kwenye boksi.

Bangili kama Xiaomi Smart Band ni dola 40 hivi. Kwa mapigo ya usiku na ya asubuhi inatosha, na itakuondolea kazi ya daftari. Garmin Forerunner 55 ilitoka mwaka 2021 kwa dola 200, sawa na 500,000. Apple Watch SE ilikuwa dola 249, lakini inahitaji iPhone, na hiyo ni gharama nyingine iliyojificha. Juu kuna Fenix za Garmin zinazofika dola 1,000, yaani shilingi 2,500,000, ambazo kwa pesa hiyo unapata baiskeli ya pili iliyo nzuri. Mtu akinunua saa kwa sababu anataka simu, ramani na usingizi mkononi, sina neno. Akiniambia anainunua kwa ajili ya moyo wake akiwa kwenye baiskeli, namwambia anunue mkanda na abaki na chenji. Wengi pia huzinunua kwa ajili ya ile namba ya VO2 max, makadirio ya oksijeni ambayo mwili unaweza kutumia. Kwenye saa nyingi za Garmin namba hiyo ya baiskeli haitokei mpaka uwe na kipima nguvu, kifaa nitakachokieleza mbele kidogo. Uliza hili kabla ya kulipa.

Kuna njia ya katikati, nayo ni kisomaji cha mwanga kinachofungwa kwenye mkono wa juu, chini ya bega au karibu na kiwiko. Pale hakuna kukunjika na nyama ni nyingi, kwa hiyo husoma vizuri kuliko saa. Polar Verity Sense iko karibu bei moja na H10, na huchajiwa badala ya kubadilishwa betri. Kwa wanawake ambao mkanda unagombana na sidiria ya mazoezi, au mtu yeyote anayechubuliwa na mkanda kwenye joto, hiki ndicho ningemshauri.

Kipima nguvu ni hadithi nyingine. Hupima wati unazosukuma kwenye pedali, na wati hazijali upepo wa kusi, joto wala kahawa uliyokunywa. Mapigo yanajali vyote hivyo. Ukiendesha saa moja na nusu kwenye joto la Februari, mapigo hupanda 10 au zaidi kwa mwendo uleule, kwa kuwa mwili unapoteza maji na damu inapelekwa kwenye ngozi kupooza. Ukienda Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, au Mbeya iliyo juu zaidi, mapigo yatakuwa juu siku za mwanzo kwa sababu oksijeni kwa kila pumzi ni pungufu. Waliofika Kigali Septemba 2025 kwa mashindano ya dunia ya baiskeli walilazimika kuliweka hilo kwenye mipango yao. Hapo kipima nguvu kinasaidia kweli. Bei yake: cha mguu mmoja, dola 300 hadi 400, pedali za Favero Assioma zinazopima miguu yote miwili, dola 600 na zaidi, yaani kuanzia shilingi 1,500,000. Kwa anayeshindana ni matumizi halali. Kwa wengine upo mlima. Chagua mwinuko mmoja, Pugu kwa mfano, upande kwa baiskeli ileile, gia ileile, saa ileile ya asubuhi, mara moja kwa mwezi, ukiandika muda na mapigo ya wastani. Kwenye mwinuko mkali nguvu nyingi huenda kupambana na uzito, upepo unapungua umuhimu, kwa hiyo muda unaopungua kwa mapigo yaleyale ni maendeleo halisi.

Gharama inayosahaulika ni ada ya programu ya simu. Strava ya bure inarekodi safari, lakini uchambuzi wa ngazi za mapigo uko upande wa kulipia, ambao kwa bei ya Marekani ni dola 79.99 kwa mwaka, karibu shilingi 200,000. Hiyo kwa mwaka mmoja inakaribia bei ya mkanda mzuri utakaotumia miaka. Programu za bure za watengenezaji wa mikanda zinaonyesha ngazi hizohizo.

Kipimo cha maabara, cha kuvaa barakoa na kukanyaga hadi kushindwa, kinatoa ukweli wote. Mwendesha baiskeli wa mashindano Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alipimwa London mwaka 2015 akatoa mililita 84.6 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Kwa mtu wa kawaida, kipimo cha hospitali cha moyo wakati wa mazoezi kina maana zaidi, hasa akiwa amevuka miaka 40, ana kisukari, presha, au ndugu aliyefariki ghafla.

Kwa watu wa presha nina neno la mwisho. Ukitumia atenolol, propranolol, bisoprolol au carvedilol, dawa hizo hushikilia mapigo chini. Kanuni zote nilizozitaja hazikuhusu, na ukijilazimisha kufikia namba ya kwenye saa unajiumiza. Tumia kipimo cha kuongea, na mwambie daktari wako kwamba unaendesha baiskeli ili akupe kiwango chako. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo unaoruka mapigo ukiwa barabarani ni sababu ya kushuka kwenye baiskeli na kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kifaa kinaonyesha rangi ya kijani. Na kama una umri wa miaka 40 na zaidi na hujui presha yako, mashine ya kupimia presha nyumbani bei yake haipishani sana na ya mkanda. Nunua hiyo kwanza.